Aliyeyafuta Mawingu ya Mirihi

Walikutana kantini ya kituo cha anga, saa ya chakula, meza zinanata na hewa inanuka mafuta yaliyochoka. Binti mmoja, gauni la bluu limepigwa pasi likanyooka, alikuwa ameinamia kompyuta, akitazama picha ya Mirihi iliyotumwa na chombo kinachoizunguka sayari hiyo. Kijana mwenye shati lililolowa kwapani akajibanza karibu yake, akalamba kidole gumba, akasugua kioo.

"Una doa hapa, dada."

"Hilo ni wingu, mjinga wewe! Toa mate yako!"

Ajabu, kinyaa kile kikazaa simu, na simu zikazaa mahaba. Binti alichunguza mawingu ya Mirihi. Kijana alichunguza tufani za vumbi za hukohuko, kwa picha zilezile. Wenzao walimwita Vumbi.

"Vumbi wangu, umekula?"

"Nimekula, Wingu. Ila wewe sijakushiba."

Upuuzi mtupu, lakini wenyewe walicheka.

Kisha kikaja kikao cha ofisi. Vumbi akaonyesha tufani yake ukutani, nyekundu, imetanda nusu ya sayari. Mkuu wao akapiga makofi, akamwahidi uongozi wa kitengo. Binti akakodoa macho. Mawingu yake hayapo! Bwana yule ameyafuta kama uchafu, na mahali pake amepaka vumbi. Akainuka, akatoka.

Simu ikaita.

"Mpenzi, yalikuwa yananizibia tu."

"Kazi yangu ndiyo inakuzibia? Unanitia kichefuchefu. Hata sauti yako inanuka!"

Akakata.

Asubuhi Vumbi akaenda kwa mkuu na picha halisi, akakiri kwamba aliyafuta mawingu na kuikuza tufani ile kwa uongo. Cheo akapewa mwingine. Akatoka kumsubiri binti langoni, juani, shati limemganda mgongoni.

"Nimesema yote. Cheo sina tena."

"Nimesikia. Unataka nikupongeze?"

"Nataka nikuoe."

Binti akakunja pua. "Laghai, jasho linamchuruzika, halafu anaposa barabarani!"

"Basi nikaoge kwanza?"

"Sabuni gani itakutosha wewe? Mama yangu hataki hata kuwaona wanaume waongo."

"Na wewe?"

"Mimi bado unanichefua." Akamtazama. "Njoo Jumapili, umweleze mama ulichonifanyia. Kwa mdomo wako, na mimi nimekaa hapo. Ukificha hata kiwingu kimoja, utatokea mlango ulioingilia."