Kifua cha Mama Mkwe

Garimoshi la Tabora lilipofunga breki stesheni ya Shinyanga, watu walimiminika na magunia, matenga na kuku, na katikati yao akashuka binti mwenye gauni la kitenge cha manjano, amekumbatia mtu asiye na miguu.

"Maiti!" mama mmoja akapiga yowe, na umati ukapasuka.

Mihayo, dereva wa gari la wagonjwa, hakukimbia. Suruali yake pana ya bugaluu ilifagia vumbi juu ya viatu vya raizoni vyenye soli ndefu, na kwa majivuno aliyokuwa nayo asingekimbia hata mbele ya simba.

"Dada, mgonjwa wako amechelewa. Nimpakie hivyohivyo?"

"Ni sanamu ya mpira, kaka. Kichwa na kifua tu. Mimi ni nesi Febronia, nimeletwa kuwafundisha nyinyi madereva kuuamsha moyo uliosimama."

"Wangu umesimama sasa hivi."

"Basi lala hapo nikubonyeze. Mbavu zikivunjika usinilaumu!"

Katika ukumbi wa Kambarage, madereva na watu wa machimbo kutoka Geita walipiga magoti kuuzunguka ule mpira. Febronia aliinua kidevu cha sanamu, akapuliza mdomoni, kifua kikapanda kama mkate ndani ya tanuri. "Moyo ukigoma," alisema, "mikono yako ndiyo moyo." Mihayo aliisikia sauti hiyo hata akiwa barabarani, upepo wenye harufu ya mvua ukiingia dirishani, mbuga zikielea mbele yake kama usingizi mtamu.

"Haloo, nesi? Kuna dharura."

"Dharura gani?"

"Sijasikia sauti yako tangu asubuhi."

"Toka kwenye laini, mpuuzi wewe! Operata anasikiliza."

"Mwache asikilize, mpenzi. Ajifunze."

Posa ikapelekwa, ikakubaliwa. Mihayo akaenda Nyahanga, Kahama, kujitambulisha nyumbani kwa kina Febronia. Kwa desturi, mwanamume hamgusi mama mkwe, hampi mkono, wala hamtazami usoni. Mama Febronia alimsalimu akiwa nyuma ya ukuta wa jiko, naye akaitikia ameinama.

Mawingu yakafunga alasiri hiyo. Mama alitoka kuanua uwele uani, na radi ikapiga mti uliokuwa karibu naye. Akaanguka kama nguo iliyokatika kamba.

Febronia aliweka vidole shingoni mwake. Kimya. Akampulizia pumzi, akainua uso. "Mihayo, bonyeza kifua!"

"Usimguse!" alifoka Alois, baba yake mdogo Febronia. "Huyo ni mkwe wako. Ukikigusa kifua hicho, binti humuoi!"

Mikono ya Mihayo ikaganda hewani. Akamtazama Febronia, macho yale aliyokuwa ameyapangia maisha mazima, akayaaga kimoyomoyo. Kisha akapiga magoti kwenye tope na kubonyeza. Alibonyeza mvua ikimchapa mgongoni, Febronia akipuliza, mpaka mama akakohoa.

Walimkimbiza hospitali. Febronia akaingia wodini na mama yake, na nje, mlangoni, Alois akasema, "Ahsante kwa uhai wa shemeji. Sasa nenda. Hatuna mkwe."

Mihayo aliwasha gari akaondoka bila kuaga. Alisubiri neno la Febronia, halikuja. Naye Febronia alipotoka akakuta gari limeondoka, akadhani amekimbia aibu. Wote wawili walikuwa na kiburi. Simu ikanyamaza.

Katika mafunzo yaliyofuata Kambarage, Mihayo alikuwa akiwaonyesha wenzake ule mpira mlango ulipofunguka. Mama Febronia akaingia taratibu, amejifunga khanga mpya, kamshika binti yake mkono. Mihayo akainamisha uso, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Niangalie, Mihayo."

"Shikamoo mama. Siwezi."

"Marahaba. Alois amesema mimi si mkwe wako. Kama ni kweli, unainamia nini? Na kama ni mkwe wako, basi Alois amekosea."

Mihayo akainua macho.

"Nimekuja kujifunza," mama akasema. "Siku ukianguka mbele yangu, nikuache ufe kwa heshima?" Akapiga magoti kando ya ule mpira, akaweka viganja kifuani pake. "Ni hapa?"

"Chini kidogo, mama. Tumia nguvu."

Mama akaanza kubonyeza. Febronia alikuwa amemkaribia Mihayo, machozi yamemjaa.

"Kwa nini ulinikimbia?"

"Nilifukuzwa, Febi. Nikadhani nawe umekubali."

"Nilikuwa wodini! Sikujua lolote. Wewe simu unaijua kwa mambo ya kipuuzi tu?"

"Nioe basi unifundishe."

"Mwanamume ndiye anayeoa, mjinga wewe."

"Basi nakuoa."

"Alois niachie mimi," mama akadakia bila kugeuka. "Kifua kilichoguswa ni changu. Lete wazee wako Jumapili."

Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Mama, inatosha," Febronia akasema. "Pumzika."

"Nipumzike vipi, na huyu hajaamka?"