Angalia Humo, Mwanangu Kaniandika

Katika kituo kile cha afya hapakuwa na mtu aliyeitwa mara nyingi kuliko Flashi. Jina lake halisi walilijua wahasibu tu. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta, na shingoni alivaa flashi aliyoifunga kwa kamba ya kiatu.

"Flashi, mapokezi huku!"

"Flashi, maabara imegoma!"

"Nakuja jamani! Mimi mmoja, nijigawe?"

Mdomo unalalamika, uso unacheka. Alipenda kuitwa, tusifichane.

Kituo kilikuwa na programu ya kuandikia wagonjwa. Humo mgonjwa aliandikwa jina, ugonjwa wake, na dawa zinazomdhuru. Programu mpya ikija, Flashi alipita chumba hadi chumba. Anamwinua mtu kitini, anachomeka flashi, ananakili folda nzima, anazima, anawasha. Anaanzia mapokezi. Anamalizia kwa daktari, mwisho wa korido. Mara nyingi saa za kazi ziliisha hajafika huko.

"Kwa daktari kesho," anasema. Kesho yake anaitwa kwingine.

Sasa kosa ni hili. Ndani ya ile folda mlikuwa na programu, na mlikuwa pia na taarifa za wagonjwa. Akinakili kimoja, amenakili vyote. Basi kila chumba kikawa na wagonjwa wake. Mtu akiandikwa mapokezi asubuhi, kompyuta ya daktari haina habari naye. Flashi alilijua hilo. Kila Ijumaa alizikusanya taarifa za vyumba vyote na kuziunganisha mwenyewe. Mkuu wa kituo alimwomba atafute njia nyepesi. Flashi akamwambia haiwezekani.

Flashi aliishi na mama yake. Mama huyo alikuwa hapatani na sindano ya penisilini. Ujanani alichomwa, akavimba uso mpaka macho yakafumba. Tangu hapo kila akienda kutibiwa alianza na hadithi hiyo, na alikuwa amechoka kuisimulia.

Siku moja alifika kituoni na kidonda mguuni. Flashi akamwandika mwenyewe pale mapokezi, kwa herufi kubwa: PENISILINI ASICHOMWE.

"Tayari, mama. Sasa popote utakapoingia humu, watakujua."

"Hata nisiposema?"

"Hata usiposema. Kompyuta itasema."

"Mwanangu wewe!" Mama akampiga kofi dogo la begani, akaenda zake kwa daktari. Alikuwa na furaha, masikini, na mwanawe hakukumbuka kwamba Ijumaa ilikuwa bado.

Daktari alimwuliza vizuri tu. "Mama, kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

"Angalia humo, baba. Mwanangu kaniandika."

Daktari akaangalia. Ukurasa ulikuwa mtupu, hapakuwa na onyo lolote. Akamchoma.

Flashi alikuwa maabara, amelala chini ya meza anatafuta waya uliochomoka. Akasikia sauti kutoka mwisho wa korido.

"Flashi! Flashi, njoo!"

"Subirini zamu yenu!" akajibu, akicheka.

Wakaita tena. Akamaliza kwanza waya wake. Alipofika, mama yake alikuwa sakafuni, midomo imebadilika rangi, na watu wanne wamemzunguka.

Walimwokoa roho. Lakini alikuwa amekosa hewa kwa muda, na akili yake haikurudi yote. Alipofumbua macho alimtazama mwanawe, akageukia ukutani.

"Niliangalia, Flashi," daktari alisema, machozi yanamtoka. "Naapa niliangalia."

"Najua, Daktari." Hakuna aliyejua kuliko yeye.

Flashi hakwenda tena kazini. Alikaa nyumbani, hanyoi ndevu, hapokei simu. Flashi yenyewe aliitupa juu ya kabati. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jirani yao alikuwa mama mmoja aliyesimamia kompyuta za ofisi ya maji. Mtaa mzima walimwita Shangazi Waya. Alibisha hodi, akaingia bila kungoja karibu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimekuja kumwona mama, na wewe nina neno nawe. Taarifa za wagonjwa wenu zinakaa wapi?"

"Kwenye kila kompyuta."

"Ndipo mlipopotea. Kwetu maji yanakaa kwenye tenki moja, kila nyumba ina bomba lake. Wewe umegawa ndoo, halafu Ijumaa unapita kuchanganya maji ya ndoo!"

Flashi akainamisha kichwa.

"Sikiliza," shangazi akasema taratibu. "Taarifa zote zikae kwenye kompyuta moja kuu, ile wanayoiita seva. Chumba chake kifungwe, na kila siku nakala ihifadhiwe mahali pengine. Hizo za vyumbani zibaki na programu tu. Programu ni bomba."

"Na programu mpya ikija? Si nitazunguka tena?"

"Uzunguke, mtandao mliufunga wa nini? Ijaribu kwanza kwenye kompyuta moja. Ikiwa sawa, iweke kwenye seva. Kila kompyuta ikiwashwa asubuhi itaiuliza seva kama kuna toleo jipya. Likiwapo, itajiwekea yenyewe. Na anwani ya seva iwe humo humo, mtu asiichape kwa mkono."

"Waya ukichomoka je?"

"Programu ikatae kufunguka. Iseme wazi: sizipati taarifa. Isimwoneshe daktari ukurasa mtupu akadhani mgonjwa ni salama."

Flashi akauliza, kwa sauti ndogo, "Na mimi wataniitia nini?"

Shangazi Waya akamtazama. "Ulipenda kuitwa, eh?"

"Nilipenda, shangazi. Waliponiita kwa ajili ya mama, nikawaambia wasubiri zamu." Akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Shangazi hakumbembeleza. Alimshika mkono tu mpaka alipomaliza.

Flashi akarudi kituoni, na kwa ruhusa ya mkuu wakaifanya kazi hiyo pamoja. Waliziunganisha taarifa zote kwa mara ya mwisho, wakazihamishia kwenye seva. Wakafuta zile ndoo. Walipomaliza, Flashi alijiandika mgonjwa wa kujaribia pale mapokezi, akakimbia hadi kwa daktari. Akajikuta yumo.

Toleo jipya lilipokuja, aliliweka mara moja tu, baada ya kulijaribu. Asubuhi yake vyumba vyote vilikuwa nalo. Korido ikawa kimya. Hakuna aliyeita.

Kisha siku moja: "Flashi! Njoo!"

Alikimbia mpaka kiatu kikamvuka. Daktari alikuwa amekaa na kijana mwenye homa. Kwenye kompyuta kulikuwa na maandishi mekundu.

"Ameandikwa mapokezi sasa hivi," daktari akasema. "Na hapa nimeliona onyo. Nimemwuliza na kwa mdomo, kathibitisha. Nimempa dawa nyingine."

"Asante, Daktari," Flashi akasema. Akarudi kutafuta kiatu chake.

Jioni alikaa kitandani kwa mama yake, anamlisha kwa kijiko.

"Wewe nani, baba?" mama akauliza, kama alivyouliza jana na juzi.

"Mimi fundi wa kompyuta, mama."

"Aa! Mwanangu naye anafanya kazi hizo hizo." Uso ukamchangamka. "Hodari yule! Kaniandika humo. Sina haja ya kusema tena."

Flashi akakiweka kijiko chini, akamfuta mama mdomo.

"Sema, mama," akamwambia. "Kila mara wakikuuliza, wewe sema."