Sidiria ya Mke wa Fundi Baiskeli

Kila Jumamosi asubuhi Kijiti alimsaidia mama yake kufungua kibanda chao sokoni. Mama alifungua kufuli, naye Kijiti akapanda juu ya kigoda na kutundika sidiria kwenye kamba, nyeusi mbali na nyeupe zisije zikachujiana rangi. Alifanya haraka, kichwa chini, kabla wanafunzi wenzake hawajaanza kupita. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba kama jina lake la utani, na darasani walishampa jina la pili: Bwana Sidiria. Aliyelitunga ni Mdomo, mvulana wa dawati la nyuma, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika.

Mama alikuwa na utaratibu wake kwa wanaonyonyesha. Kwanza aliuliza mtoto ana umri gani. Kisha alimpeleka mteja nyuma ya pazia, akampima, akampakatisha mfuko wa mchanga uliozungushiwa taulo, mzito kama kichanga. "Haya, fungua kikombe kwa mkono mmoja," alisema. "Mtoto akilia gizani, mkono wa pili utautoa wapi?" Aliyeshindwa alijaribishwa nyingine. Wanawake walicheka, lakini walirudi na dada zao.

Kijiti aliuchukia mfuko ule kuliko kitu chochote kibandani.

Jumamosi moja mama alikwenda kupokea mzigo, akamwachia kibanda. Hakukawia kuja mke wa fundi baiskeli, kichanga kifuani.

"Mwanangu, mama yupo?"

"Ametoka, shangazi."

"Nataka sidiria ya kunyonyeshea. Nilizonazo zote zimenikataa."

Wakati huohuo Kijiti akasikia kicheko cha Mdomo kwenye kona ya wauza sufuria. Akausukuma mfuko wa mchanga chini ya meza kwa mguu, akatungua sidiria iliyokuwa karibu, nyekundu, yenye vikombe vigumu.

"Chukua hii."

Mama yule aliibonyeza kwa chini. "Mbona ina waya? Inafaa kweli kunyonyeshea?"

"Inafaa. Wote wanachukua hiyohiyo."

"Nimesikia lazima nipakate mfuko kwanza."

"Siku hizi hautumiki."

Mtoto alianza kulia. Mama yule akalipa, akaenda zake. Mdomo alipofika, Kijiti alikuwa amekaa anachezea kucha, kama mtu asiyehusika na kibanda.

Mama aliporudi aliuliza, "Ile nyekundu kachukua nani?"

"Mama mmoja tu."

"Ananyonyesha?"

"Hapana."

Jumatano jioni fundi baiskeli alikuja mwenyewe, mikono bado ina grisi, sidiria imefungwa kwenye gazeti.

"Mama Kijiti, sikuja kugombana. Mke wangu ana homa. Ziwa moja limevimba, limekuwa gumu, na kila mtoto akinyonya mama analia kuliko mtoto. Muuguzi kaiangalia hii, kasema inabana, maziwa hayatoki vizuri. Dawa tumepewa. Mimi nauliza tu, ndivyo mnavyowauzia watu?"

Mama aliifungua, akaigeuza. "Imetoka kwangu, sikatai. Lakini aliyeichukua hakuwa ananyonyesha. Mwanangu alimwuliza, na mwanangu hanidanganyi."

"Kwa hiyo mke wangu ndiye mwongo."

"Sijasema hivyo, fundi."

"Umesema."

Majirani waliacha kazi zao, wakatega masikio. Mdomo naye alikuwepo, ametumwa kununua sufuria. Kijiti alihisi masikio yake yanawaka. Angeweza kunyamaza, mama alishamsimamia, na neno la mama sokoni pale lilikuwa zito. Lakini fundi alikuwa anakunja gazeti lake polepole, mtu aliyetukaniwa mke na hana shahidi.

"Ni mimi," Kijiti alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikambidi arudie. "Ni mimi. Shangazi aliniambia ananyonyesha. Hata waya aliuliza, nikamwambia inafaa. Nilitaka aondoke kabla wenzangu hawajaniona."

Hakuna aliyecheka, hata Mdomo. Kijiti aliona afadhali wangecheka.

Mama hakumtazama. Alimgeukia fundi. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimemvunjia mkeo heshima mbele za watu." Kijiti hakuwahi kumsikia mama yake akiomba msamaha sokoni. Laiti ardhi ingepasuka akaingia.

Mama alichagua sidiria mbili laini, akampa mwanawe azibebe hivihivi, bila mfuko wa kuzifichia. Wakamfuata fundi hadi nyumbani kwake.

Mkewe alikuwa kitandani, anajikanda kwa kitambaa. Kijiti aliachwa mlangoni, uso umeelekea nje.

"Wewe ndiye uliyeuza," mama alimwambia. "Wewe ndiye utakayeeleza."

Alieleza, macho kwenye magurudumu yaliyoegemezwa ukutani. "Ya kunyonyeshea isiwe na waya. Iwe ya pamba, mikanda mipana. Kikombe kifunguke kwa mkono mmoja. Isibane, maana maziwa yakijaa ziwa linaongezeka." Akaongeza: "Nilikudanganya, shangazi. Nisamehe."

"Ukaniambia mfuko hautumiki siku hizi," alisema mama yule. "Nikajiona mshamba." Akageuza kitambaa. "Tangu juzi nilidhani kosa ni langu. Nikajiuliza, mimi ni mama gani, hata kunyonyesha kunanishinda."

Nyuma yake Kijiti alimsikia mama yake akimvalisha mgonjwa moja ya zile laini, akimweleza asiache kunyonyesha, na asiache kumsikiliza muuguzi.

Siku chache baadaye habari zilikuja kwamba homa imeshuka na mtoto ananyonya pande zote. Lakini jioni ile, njiani, habari hizo hazikuwepo. Mama alitembea mbele, mpaka walipofika karibu na kwao ndipo aliposimama.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema. "Wewe umechuma peke yako. Tumekula mimi, na fundi, na mkewe, na kichanga asiyejua hata jina lako."

"Nilikuwa na aibu, mama."

"Najua. Aibu ni kitu kizuri mwanangu, inamzuia mtu asifanye uovu. Yako uliipeleka pasipo pake. Uliionea aibu nguo, uongo hukuuonea. Nguo hii inamsaidia mama alishe mtoto. Hata wewe ulinyonya ukiwa mdogo, na huyo Mdomo wako alinyonya. Siku nyingine aibu ikikushika, iulize kwanza: unanizuia nisifanye nini? Ikikuzuia kusema kweli, ifukuze."

Jumamosi iliyofuata Mdomo alipita mapema. "Bwana Sidiria, habari za biashara?"

Kijiti alikuwa juu ya kigoda, na uso ulimwaka moto kama kawaida. Chini yake alikuwa amesimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, anaangaza macho kwenye kamba.

"Nzuri," alimjibu Mdomo. Kisha akainama kwa yule mama. "Shikamoo, mama. Mtoto ana miezi mingapi?"