Saa ya Kifuani

Asubuhi hiyo Nekesa alimimina chai, akasita. Saa ya mumewe haikusikika vizuri.

Haikuwa saa ya mkononi. Tangu Wekoye apasuliwe Nairobi mwaka wa 1986 na kuwekewa vali ya chuma moyoni, kifua chake kililia tik, tik, hata wageni pale Naitiri wakawa wanatafuta saa ukutani. Sasa mlio ulikuwa umefifia, kama saa iliyoviringishwa blanketi. Na pumzi yake ilinuka ghala, mahindi yaliyonyeshewa yakafungiwa.

"Nekesa," alinong'ona, "kuna mtu ananitangulia kuvuta hewa."

"Ni jini ya hiyo chuma," alisema Mukhisa, kaka yake Wekoye, mtu asiyewahi kukosa jibu wala kupata la kweli. "Si nilikwambia, mama Sellah?"

"Shemeji, tumrudishe hospitali," alisema Nekesa.

"Ati hospitali! Si walipima damu wakasema ni safi? Bibi amesoma mpaka akasahau kuona!"

Mganga wa Mukhisa alifika na koti la mtumba na soksi mbili zisizojuana. Akaagiza mahindi yaliyooza, yale aliyoyatenga Nekesa kwa pombe ya busaa. Wekoye akafunikwa blanketi pamoja na karai la mahindi hayo, yakasuguliwa chini ya pua yake, vumbi la kijani likapanda.

"Vuta, bana! Jini haipendi uchafu!" aliamuru mganga.

"Uchafu ndio huo unaoilisha hiyo jini yenu," alisema Nekesa.

Wakamcheka. Chini ya blanketi, tik ikazidi kuzama, kama kitu kilichoshiba.

Kesho yake mchana mguu wa Wekoye ulipoa, ukageuka mweupe mpaka pajani.

"Inatoka!" Mukhisa alipiga makofi. "Imefika kwa goti!"

Nekesa alimpakia mumewe kwenye pikapu ya jirani hadi hospitali ya Kitale, Mukhisa akapanda nyuma bila kualikwa. Huko daktari alichana kinena, akavuta kutoka kwenye mshipa donge laini la kijivu, lenye manyoya, akalitia chupani.

"Ni kuvu," alisema. "Damu haikuionyesha. Imeota kwenye vali, hiki ni kipande tu kilichomeguka. Mama, kiota chenyewe bado kiko moyoni. Kisipotolewa, hatapona."

Daktari alipotoka, Mukhisa aliinua chupa dirishani, akacheka mpaka machozi. "Kumbe jini yenyewe ni kamasi! Hata kuku haiwezi kula hii!"

Nekesa aliinama, akaweka sikio kwenye kifua cha mumewe kilichopanda na kushuka polepole, akaitafuta ile tik aliyoilalia miaka yote hiyo, akasogeza sikio huku na huku, akazuia hata pumzi yake mwenyewe, na hakusikia kitu, si mlio wa chuma wala mapigo, ila ile harufu ya ghala ikimpanda usoni, mpaka nyuma yake, mkononi mwa Mukhisa, chupa ikaanza kulia, wazi na bila haraka: tik, tik, tik.

Mukhisa akaacha kucheka.

Wekoye, macho yakiwa yamefumbwa, akacheka badala yake, kwa sauti ambayo Nekesa hakuwahi kuisikia.