Chumba Alichoongeza Spana

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Jua la asubuhi, nguo zimeanikwa, redio ya jirani inaongea peke yake. Aliyepatwa na mambo haya ni mke wa mpwa wetu, fundi cherehani tunayemwita Fundi tu, mwanamke ambaye tangu azike mume alikuwa kama chai iliyosahaulika mezani: ipo, ila haina moto. Msibani hakulia. Watu wakasema ana roho ngumu. Roho ngumu gani, wanangu! Alikuwa amekufa ganzi, basi.

Mumewe alikuwa makanika, mtaa mzima ukimwita Spana. Akirudi gereji, akishaoga na kula, anakaa kwenye kompyuta yake kuukuu kucheza gemu la shamba. Mle ndani alikuwa na mtu wake mdogo mwenye kofia. Huyo analima, anavuna, anajenga nyumba. Spana akichoka anahifadhi pale alipofikia, kesho anaendelea. Mkewe akimchokoza, "Huku paa linavuja, wewe wajenga mle!" naye hujibu, "Mle hakuna mvua, mama watoto. Hamia."

Mara ya mwisho kucheza, alimwacha yule mtu amesimama barazani, mkono kwenye kitasa cha mlango. Kesho yake Spana hakuamka.

Basi kila mchana, wateja wakipungua, Fundi huiwasha kompyuta na kulifungua gemu. Humtazama yule mtu. Hamsogezi, habonyezi kitu. Humtazama tu, kisha hufunga bila kuhifadhi, asije akambadilisha hata kidole. Hakuwa na kingine cha mumewe ambacho hakikuwa kimeguswa na mkono wa mtu.

Lakini kompyuta nayo ilizeeka. Feni ikawa inakoroma, kioo kinazima katikati. Ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye kazi yake ni hizo hizo kompyuta, akamletea mpya, bado imo ndani ya boksi lake.

"Shemeji, hili kopo linakata roho," akasema huku akibandua utepe wa boksi. "Tumhamishe kaka leo leo. Likizima moja kwa moja, tumempoteza."

"Atahama mzima?"

"Kama alivyo. Hata kofia haitadondoka."

"Ukimdondosha nakushona mdomo."

Shemeji akacheka. Yeye hakucheka, alitania kwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga mlango bila kufikiri.

Wakaliweka kwanza gemu lenyewe kwenye kompyuta mpya. Kisha shemeji akachukua mafaili ya Spana, yenye mahali alipofikia, akayanakili kwenye flashi na kuichomeka. Alikuwa anatafuna jojo na kupiga soga. Mara akaacha kutafuna.

"Inasemaje?" Fundi akauliza.

"Inasema kuna mtu ameshacheza humu."

"Si wewe?"

"Nimeiwasha sasa hivi, shemeji. Mbele ya macho yako." Akasogea karibu na kioo. "Humu tayari kuna shamba. Limehifadhiwa leo asubuhi. Inauliza tubakishe lipi, hili au la kaka. Tukileta la kaka, hili linafutika."

"Mchezaji anaitwa nani?"

Shemeji akanong'ona. "Spana."

Redio ya jirani ilikuwa imenyamaza. Hakuna aliyejua tangu saa ngapi.

"Lifungue," Fundi akasema. Sauti yake haikupanda wala haikushuka.

Likafunguka. Shamba lile lile, baraza ile ile. Mtu wa kofia hayupo. Mlango uko wazi. Mahindi yaliyokuwa machanga yamevunwa, na nyumba imeongezwa chumba upande wa nyuma. Chumba ambacho Spana hakuwahi kukijenga akiwa hai.

"Nenda dirishani."

Shemeji akasogeza. Ndani kulikuwa na cherehani. Imewekwa ili mwanga uingie kwa kushoto, hivyo hivyo apendavyo Fundi. Mbele ya cherehani ameketi mwanamke, mgongo umewaelekea. Anashona kitambaa cha rangi ya udongo. Kichwani ana kilemba cha njano, fundo limelala upande.

Fundi akapeleka mkono kichwani mwake. Akalishika fundo. Alikuwa amekifunga kilemba kile asubuhi hiyo.

Mguu wa mwanamke ulikuwa unakanyaga. Taratibu. Juu, chini.

"Shemeji," mdogo wa marehemu akanong'ona. "Mguu wako."

Akatazama chini. Mguu wake ulikuwa unakanyaga sakafu. Taratibu. Juu, chini. Yeye hakuusikia.

"Uache."

"Siwezi. Si wangu."

Ganzi ikapanda. Ikafika gotini. Ikafika kiunoni. Na kibaya, wanangu, haikuuma. Ilikuwa raha. Ilikuwa kama kuvuliwa mzigo. Mlangoni mwa kile chumba kulikuwa na kivuli. Kivuli cha kofia. Kimesimama tu. Kinasubiri amalize kushona.

Nje, lango likalia. "Mama! Nimerudi! Nimenunua chumvi, lakini njiani nimeshikwa na njaa!"

Binti yake. Mtoto wake wa pekee.

Kwenye kioo, mwanamke akaacha kushona. Akaanza kugeuza kichwa. Polepole. Ncha ya sikio ikaonekana. Halafu shavu.

"Lete la zamani," Fundi akasema.

"Hili litafutika. Shemeji, kama kweli ni kaka... tutakuwa tumemuua tena."

"Futa."

Kidole cha shemeji kikagoma. Fundi akanyoosha wake, usio na hisia, akabonyeza mwenyewe.

Kioo kikawa cheusi. Kisha mtu mdogo akatokea barazani, mkono kwenye kitasa, kama alivyoachwa. Mguu ukatulia.

Shemeji aliondoka bila kuaga, flashi yake akaiacha imechomekwa. Fundi akaingia jikoni, akampikia mtoto, wakala. Alingoja machozi. Hayakuja. Akaosha sahani.

"Mama," binti akaita kutoka chumba cha mbele, kule kwenye cherehani. "Hili shati la nani?"

Akaenda. Kwenye cherehani palikuwa na shati la kiume, la kitambaa cha rangi ya udongo ambacho hajawahi kukinunua. Mkono mmoja umeunganishwa. Wa pili unaning'inia, mshono umekomea katikati, sindano bado imezama kwenye nguo. Mshono ulikuwa wake. Na bega la kushoto limeshushwa kidogo, kama alivyokuwa akimkatia mume wake, maana gereji ilikuwa imemwinamisha upande huo, na siri hiyo hakuna mtu mwingine aliyeijua.

"La mteja," akasema.

Binti akalishika kola, akalipima kwa macho. "Atakuja lini kulichukua?"

Fundi alinyoosha mkono ainue sindano, akaurudisha haraka. Ilikuwa bado ya moto.