Keki ya Marlys na Mawazo ya Wakili

Jumapili asubuhi Marlys Tollefson alitoa keki ya tufaha jikoni. Mumewe, Arvid, alikuwa akihangaika na vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Tangu ngazi ya kinu cha chakula cha mifugo ilipovunjika na kumwangusha, bega lake lilikataa kupona. Walikuwa wamewashtaki wenye kinu. Wakishindwa, hakuna upasuaji, na ng'ombe watauzwa.

Jirani yao Joyce, aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya wakili, aliingia kurudisha bakuli. Akaona boksi mezani.

"La nani hilo?"

"La Duane," alijibu Marlys. "Ameomba karatasi zetu zote za kesi. Nitampa baada ya ibada, pamoja na keki."

Duane alikuwa wakili wa kinu. Pia aliimba kwaya moja na Marlys. Watu wa kwetu ndivyo tulivyo: hata tunayeshtakiana naye hatumwachi aende mikono mitupu.

Joyce alichungulia ndani ya boksi, akashika kifua.

"Marlys! Haya si maandishi ya wakili wako? 'Arvid huchanganya saa ya ajali. Tumtayarishe.' Unampelekea Duane?"

"Si ameomba? Sisi hatuna la kuficha."

"Kuomba, aombe! Wakili akiandika mawazo na mipango yake kwa ajili ya kesi, sheria inayalinda. Lakini ukimpa mpinzani kwa mkono wako, tena na keki juu, ulinzi umeutupa mwenyewe."

Arvid akachangamka. "Basi na hii picha tumpe wakili wetu aifungie!"

Marlys aliipiga siku ya ajali. Arvid yuko chini ya ngazi, soli za viatu vyake zimelika, na mtu angeweza kusema aliteleza tu.

"Thubutu!" alisema Joyce. "Hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kesi. Jambo lililotokea halifichiki kwa kutiwa mkobani mwa wakili. Picha itatolewa. Na hayo maandishi, wakili atasema wazi kwamba yapo na kwa nini hayatoi."

Arvid alinuna mpaka kanisani.

Kesho yake boksi lilikwenda kwa wakili wao, Renata. Alimpa Duane picha, akazuia maandishi yake. Duane alilalamika kwa jaji.

"Picha unayo, na Arvid utamhoji mwenyewe," jaji alimwambia. "Huna haja ya mawazo ya mwenzako."

Siku ya mahojiano Duane aling'ang'ania viatu.

"Vimelika, ni kweli," alijibu Arvid.

Ndipo Renata akaonyesha kilichokuwa nyuma ya viatu hivyo, kwenye picha ileile: ubao wa ngazi uliooza, umekatika katikati. Kinu kikakubali kulipia matibabu.

Majira ya kuchipua, Arvid alikamua ng'ombe kwa mikono miwili. Jumapili moja Marlys alimletea Duane keki. Duane akainua sahani, akachungulia chini yake.

"Hakuna karatasi humu?"

"Kula, baba," alisema Marlys. "Leo ni tufaha tu."