Zamu ya Valeria

Bajaji ilimshusha Emerensiana kando ya barabara ya Dodoma, pale Bonga, nje ya mji wa Babati, jua likiwa limebakiza wekundu kidogo tu juu ya mahindi. Mkononi alikuwa na sukari na mche wa sabuni. Akina mama wa kwaya walitaka mtu wa kwenda kumjulia hali Mama Valeria, aliyemzika binti yake mwezi uliopita. Safari ya kawaida kabisa. Angefika, angeamkia, angeacha mzigo, angerudi mjini kabla giza halijakolea.

Lakini alijitolea kwenda yeye, na wenzake hawakujua kwa nini.

Jumamosi hiyo alitakiwa aimbe Dar es Salaam. Si kwaya nzima. Yeye peke yake, mbele ya okestra, katika onyesho la kwanza la msimu wa opera na muziki wa kiklasiki ambao watu wa jiji walikuwa wakiusubiri. Tangazo alikuwa nalo kwenye simu, jina lake likiwa chini ya majina ya Waitaliano. Mwimbaji atakayewaridhisha waandaaji angebaki hukohuko kusomeshwa uimbaji. Emerensiana aliuza vitenge karibu na soko la Babati, na tangu akiwa msichana hajawahi kutamani kitu kingine.

Na hakuwa na sauti.

Kuongea aliongea vizuri. Ila akitaka kuimba, koo lilijifunga. Hewa ilitoka tupu, na mdomoni ikabaki harufu... harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Daktari alimulika koo, akasema halina kitu. Alikunywa tangawizi, alifunga na kusali, alilala akilia. Kasimiri, mwalimu wa kwaya, alidhani anajitunza.

“Safi sana, pumzisha koo,” alimwambia. “Wale wa Dar wanaitaka sauti ileile ya kwenye rekodi. Usije ukaniaibisha, Eme.”

Ile rekodi...

Kwaya yao ilikuwa na desturi moja. Mwanakwaya akifariki, wenzake humwimbia kaburini wimbo aliokuwa akiuongoza, na wakifika kwenye kipande chake cha peke yake, hunyamaza. Wote. Hakuna anayekijaza. Husikika upepo, husikika mtu akikohoa, kisha kiitikio kinaendelea. “Ni zamu yake,” husema wakubwa wa kwaya. “Mwachieni aimbe.”

Valeria ndiye aliyekuwa akiongoza. Miaka yote Emerensiana alisimama kushoto kwake, akikijua kipande kile chote, na hakupewa hata mara moja. Siku ya maziko, kwaya iliponyamaza, mdomo wake ulifunguka. Huenda ilikuwa tamaa. Huenda ilikuwa huzuni, maana alimpenda Valeria kwelikweli. Vitu hivyo viwili huweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Aliimba hadi mwisho. Watu wakalia. Kasimiri, aliyekuwa akirekodi kwa simu yake, akaituma rekodi hiyo Dar, na Dar wakamchagua.

Tangu siku ile hajaimba tena.

Mama Valeria alikuwa ameketi mlangoni, akipukuchua mahindi. Taa hakuwasha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umechelewa.”

“Bajaji zimenisumbua, mama...”

“Sizungumzii leo.”

Emerensiana aliweka mzigo chini. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kuzungukazunguka. Yote yakamtoka kichwani. Akapiga magoti.

“Mama, nisaidie. Sauti yangu imepotea.”

“Haijapotea.” Punje zilidondoka kwenye beseni. Tk... tk... tk. “Naisikia kila jioni.”

“Wapi?”

Mama alielekeza kwa kidevu nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alikolala Valeria.

Vidole vyake vikaacha mahindi. Akainama, akanong'ona.

“Siku ile nilisimama ukingoni kabisa. Mdomo uliofunguka ulikuwa wako. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanangu. Nimemlea, siwezi kuisahau. Ulimchukulia zamu yake, naye akashika kilichokuwa karibu, sauti yako.”

“Kwa hiyo ile ya kwenye rekodi...”

“Ni yeye. Ndiye wanayemwita huko Dar.”

Mtu mwingine angekimbia. Emerensiana aliuliza jambo moja tu, na baadaye aliona aibu kwamba ndilo lililomjia kwanza.

“Inaweza kurudi kabla ya Jumamosi?”

Machoni mwa mama hapakuwa na hasira.

“Nenda ukamwimbie upya. Ukifika kwenye zamu yake, nyamaza. Usiimbe, usiseme, usimwitikie, hata ukisikia nini. Mpaka amalize mwenyewe.”

“Akimaliza?”

“Kila mmoja atachukua chake.” Akarudia kupukuchua. “Nadhani.”

Huko kwenye migomba giza lilikuwa limetangulia. Kaburi lilikuwa bado bichi, limepasuka katikati, maua ya plastiki yamelala ubavu. Harufu ileile. Udongo, na unyevu, wakati mvua haijanyesha tangu Mei.

Emerensiana alianza. Hakuimba, alipumua tu maneno ya wimbo, ubeti mmoja, kiitikio, ubeti wa pili. Mbwa alibweka upande wa barabarani, akaacha ghafla.

Akafika kwenye zamu.

Akanyamaza.

Wadudu nao wakanyamaza.

Kisha chini ya miguu yake... kitu kikavuta pumzi.

Sauti ikapanda taratibu. Ilikuwa yake. Hakuna anayekosea sauti yake mwenyewe. Iliimba kipande cha kaburini, nota kwa nota, hadi pale kinapoishia.

Haikuishia.

Ikaingia kwenye wimbo wa Kiitaliano, ule aliokuwa akiukariri kwa ajili ya Dar. Valeria alikufa kabla wimbo huo haujafika Babati. Lakini maneno yalitoka yote, laini, bila kigugumizi, juu kuliko Emerensiana alivyowahi kufika. Ilikuwa nzuri kiasi cha kumuumiza. Hapo ndipo alipoelewa jinsi ambavyo angeimba, kama angeimba.

Katikati ya neno, ikakatika. Pale palepale ambapo yeye husahau maneno kila anapoukariri.

“Eme...”

Alijaza ncha ya kitenge mdomoni.

“Eme, nishikie hapa kidogo. Nimesahau.”

Hivyo ndivyo Valeria alivyokuwa akimwambia kwenye mazoezi, akicheka, akimgusa kiwiko. Kiwiko cha kulia kikawa cha baridi. Emerensiana aliuma kitambaa hadi fizi zikatoa damu. Hakujibu. Machozi yalimtiririka, hakujibu.

Sauti ikasubiri. Kisha ikaendelea.

Ikaendelea.

Mama alimkuta hapo, akamshika mkono. “Amemaliza?”

Emerensiana alitikisa kichwa. Akanyooshea kidole udongo.

Mama akategea sikio kwa muda mrefu. Uso wake ukabadilika.

“Mwanangu,” alisema polepole, “mimi sisikii kitu.”

Njiani sauti ilikuwa juu ya mngurumo wa bajaji. Nyumbani ilikuwa ndani ya mto wa kulalia. Asubuhi ilikuwa palepale kwenye vitenge, chini chini, haijameza mate hata mara moja. Wateja waliuliza bei, akawaonyesha kwa vidole. “Huyo anatunza koo, anaenda kwa wakubwa,” jirani yake Rosemary aliwatania. “Akirudi hatatusalimia hata sisi.” Wakacheka. Emerensiana naye alitabasamu, midomo imefungwa, akisikiliza kama kuna dalili ya wimbo kufika mwisho. Haikuwepo.

Alhamisi jioni simu iliita. Kasimiri. Alipokea, akaiweka sikioni, kimya.

“Eme, basi linaondoka kesho alfajiri. Uwe stendi mapema, usi...”

Akakatisha. Emerensiana alimsikia akishusha pumzi.

“Mungu wangu. Hiyo! Hiyo ndiyo sauti! Endelea, usiache, nakusikia vizuri kabisa!”

Ukutani kulikuwa na kioo kidogo cha kuchania nywele. Alijitazama. Midomo ilikuwa imefungwa.

“Haya, inatosha mama, wameshakuchagua,” Kasimiri alicheka, karibu kulia kwa furaha. “Pumzika kidogo unijibu. Unakwenda, au huendi?”

Wimbo ulikuwa umekaribia nota ndefu ya juu kabisa, ile isiyoimbika bila kuvuta hewa nyingi.

Kwenye kioo, kifua chake kikapanda. Kikajaa.

Si yeye aliyevuta.

Alitaka kuinua mkono auzibe mdomo, mkono ukabaki chini, kiwiko cha kulia kikiwa cha baridi kama kule kaburini. Na midomo, polepole, ikaanza kufunguka.